Chamberlain mbele ya Jokić, Curry mwaka 1962: namna ya kuwakutanisha magwiji ambao hawakukutana

Swali: Mimi na kaka yangu tumekuwa tukibishana kwa miezi kadhaa kuhusu mpira wa kikapu. Yeye anasema Wilt Chamberlain, aliyekuwa na wastani wa pointi 50 kwa mechi mwaka 1962, angemfunga Nikola Jokić, senta wa leo (mchezaji mrefu anayecheza karibu na kikapu), apendavyo, na kwamba Stephen Curry, bingwa wa leo wa mitupo ya mbali, angepelekwa katika zama zile angepondwa hata asipate nafasi ya kutupa. Mimi nasema wachezaji wa sasa wangewazidi wale wa zamani kwa kila kitu. Je, kuna njia ya haki ya kuamua, na wewe ungempa nani ushindi?

Jibu: Njia ipo, ingawa haitampa mmoja wenu ushindi wote. Nianze na hukumu yangu ili usilazimike kuisubiri mpaka mwisho: Chamberlain akichezeshwa leo angekuwa nyota asiye na shaka, lakini angefunga karibu pointi 30, si 50, Jokić angemsumbua zaidi kuliko kaka yako anavyodhani, na Curry wa mwaka 1962 asingepondwa, bali angepunguzwa thamani, na ambacho kingempunguza ni kitabu cha sheria wala si mabavu ya walinzi. Kilichobaki ni kukuonyesha nilivyofika huko.

Kabla ya kuwakutanisha watu wawili ambao hawakuwahi kusimama katika uwanja mmoja, kuna mambo mawili ya kuamua, na mabishano mengi ya aina hii hayaishi kwa sababu kila upande umekwisha kuyaamua kimyakimya bila kumwambia mwenzake. La kwanza ni kwamba mechi inachezwa kwa sheria za nani. La pili ni kwamba mgeni anakuja na nini: je, anachukuliwa kama alivyokuwa, na viatu vyake vya turubai na mafunzo aliyopewa, akaingizwa uwanjani kesho yake, au kinachukuliwa kipaji chake na umbo lake tu, akazaliwa upya katika zama za mwenzake, akalelewa na makocha na madaktari wa huko? Kaka yako anapompeleka Curry mwaka 1962 anampeleka kama alivyo, lakini anapomleta Chamberlain leo anamzawadia papo hapo uelewa wa mchezo wa leo. Wewe nawe unawaleta wale wa kale mikono mitupu. Kila mmoja ameegemeza mizani upande wake, halafu anashangaa kwamba mwenzake haoni uzito.

Tuitazame ile 50, kwa kuwa ndiyo nguzo ya hoja ya kaka yako. Katika msimu wa 1961–62 wa NBA, ligi ya kulipwa ya Marekani, Chamberlain, akiwa na Philadelphia Warriors, alicheza mechi 80 na kufunga pointi 4,029, yaani wastani wa 50.4, pamoja na ribaundi, yaani mipira inayodakwa baada ya mtupo kukosa, 25.7 kwa mechi. Na tarehe 2 Machi 1962, katika mji wa Hershey jimboni Pennsylvania, alifunga pointi 100 dhidi ya New York Knicks. Hizo ni kumbukumbu zilizoandikwa na hakuna wa kuzikana. Lakini msimu huo kila timu ilitupa mpira kikapuni karibu mara 108 kwa mechi, ilhali timu za leo hutupa karibu mara 89, na mitupo iliyoingia ilikuwa asilimia 42.6 tu. Mitupo mingi inayokosa huzaa ribaundi nyingi: timu moja ilikusanya wastani wa ribaundi 71 kwa mechi, na leo ni takriban 44. Zaidi ya hayo, Chamberlain hakupumzishwa. Wastani wake ulikuwa dakika 48.5 katika mechi yenye dakika 48, kwa maana kwamba alicheza karibu kila dakika ya msimu mzima, na muda wa nyongeza juu yake; nyota wa leo hupewa dakika 34 hadi 37, na kocha anayezidisha hapo huulizwa maswali.

Sasa fanya hesabu ndogo. Chukua 50.4, uipunguze kwa uwiano wa mitupo, 89 kwa 108, utabaki na pointi 41 na nusu. Kisha uipunguze kwa uwiano wa dakika, 36 kwa 48.5, utafika karibu 31. Ribaundi 25.7 zikipitishwa njia hiyohiyo, kwa uwiano wa ribaundi za timu na wa dakika, zinashuka hadi karibu 12. Msomaji makini anaweza kunipinga hapa kwamba timu za mwaka 1962 zilipata pointi 118.8 kwa mechi na za leo hupata karibu 114, kwa hiyo tofauti ya zama mbili si kubwa kama ninavyoionyesha. Pingamizi hilo lina akili, lakini pointi ambazo timu za leo zinaongeza juu ya mitupo michache zinatoka kwa sehemu kubwa nyuma ya mstari wa pointi tatu, ambako kikapu hulipwa tatu badala ya mbili, na huo ni mtaji ambao Chamberlain, aliyeingiza takriban nusu tu ya mitupo yake ya bure katika maisha yake yote ya ligi, hakuwa nao mkononi. Nabaki na 31.

Hesabu hiyohiyo, kwa njia, ndiyo inayotufanya tuuheshimu zaidi msimu wa 2016–17 wa Russell Westbrook, ambaye alimaliza na wastani wa pointi 31.6, ribaundi 10.7 na asisti, yaani pasi zinazozaa kikapu, 10.4. Oscar Robertson mwaka 1962 alikuwa na 30.8, 12.5 na 11.4, na kwa macho matupu amemzidi Westbrook katika ribaundi na asisti. Lakini Westbrook aliokota zake katika ligi ambayo mipira iliyokosa kikapu ilikuwa michache mno kuliko ile ya Robertson.

Hata hivyo hesabu hii isigeuzwe kuwa panga la kumkatia Chamberlain. Husemwa mara nyingi kwamba alicheza dhidi ya watu wafupi, na nisingependa uliseme hilo mbele ya kaka yako kwa sababu atakushinda kwa haki. Walt Bellamy, ambaye alikuwa na urefu wa mita 2.11, aliingia ligi msimu uleule na akafunga wastani wa pointi 31.6. Bill Russell alikuwa na mita 2.08. Chamberlain mwenyewe, mwenye mita 2.16, aliingiza asilimia 50.6 ya mitupo yake, asilimia nane juu ya wastani wa ligi, huku akitupa karibu mara 40 kila mechi. Ligi ilikuwa na timu tisa tu, kwa hiyo alikutana na wakubwa hao tena na tena. Yeye na Russell walipambana zaidi ya mara 140 katika misimu kumi, wakihesabiwa pamoja msimu wa kawaida na mechi za mtoano. Hakuna senta wa leo anayelazimika kumkabili mpinzani wake mkubwa kiasi hicho.

Kuna pia yale ambayo hayakuandikwa. Ligi ilianza kuweka kumbukumbu rasmi za mitupo iliyozuiwa na mipira iliyoporwa katika msimu wa 1973–74, na Chamberlain alicheza mechi yake ya mwisho mwaka 1973, Russell mwaka 1969. Wazuiaji wawili wakubwa wa kizazi kizima hawana hata mtupo mmoja uliozuiwa katika vitabu vya ligi. Asiyekuwepo na lake halipo, na kwa tarakimu peke yake Hakeem Olajuwon, mwenye 3,830, anaonekana hana mshindani. Mtu anayelinganisha zama kwa jedwali tu anamhukumu Russell kwa pointi 15 alizofunga kwa mechi, na hicho ndicho kitu ambacho Boston Celtics hawakumhitajia. Walimhitaji kwa ulinzi, wakachukua ubingwa mara 11 katika misimu 13 aliyokuwa nao. Ninalisema hili kwa uchungu kidogo, kwa kuwa naona vijana wengi wanaoupenda mchezo huu wakimpita Russell haraka kana kwamba jina lake limewekwa pale kwa ajili ya heshima ya umri.

Sasa sheria, na hapa ndipo ninapotaka tukae. Kila zama na kitabu chake, na katika mpira wa kikapu kitabu hicho kimeandikwa upya mara kadhaa kwa sababu ya mtu mmoja. Eneo lililo mbele ya kikapu, ambalo mshambuliaji haruhusiwi kukaa zaidi ya sekunde tatu, lilikuwa na upana wa futi 6, chini ya mita mbili, mpaka mwaka 1951, lilipopanuliwa hadi futi 12 kwa sababu George Mikan alisimama pale akafunga bila kusumbuliwa. Mwaka 1964 likapanuliwa tena hadi futi 16, yaani karibu mita 4.9, na safari hii sababu ilikuwa Chamberlain. Pointi zake 50 zilifungwa katika eneo la futi 12. Ukimleta leo, anasogezwa nje futi mbili kila upande kabla hajapokea pasi ya kwanza. Usilikuze jambo hilo kupita kiasi, kwani alicheza misimu tisa baada ya badiliko lile na bado alitawala, lakini usilisahau pia.

Badiliko zito zaidi ni lile la ulinzi. Katika zama za Chamberlain ulinzi wa kanda, ule wa kulinda eneo badala ya mtu, ulipigwa marufuku na kila mlinzi alitakiwa kuwa na mtu wake, na katazo hilo halikuondolewa mpaka msimu wa 2001–02. Tangu hapo timu inaweza kumweka mtu mmoja mbele ya senta na mwingine nyuma yake kabla mpira haujafika, mradi mlinzi asikae chini ya kikapu zaidi ya sekunde tatu bila kumkaba mtu aliye karibu naye. Kumlisha mpira mtu mmoja mara 40 karibu na kikapu kumekuwa kazi ngumu zaidi kuliko ilivyokuwa. Hilo ndilo linalonifanya niamini kwamba hata ile 31 ni makadirio ya ukarimu, iwapo Chamberlain angeletwa kama alivyokuwa mwaka 1962.

Lakini tazama pia upande wa pili wa uwanja, ambao ninyi wawili hamkuugusa. Mwaka 1962 hapakuwa na mstari wa pointi tatu. NBA iliuweka msimu wa 1979–80, umbali wa mita 7.24 kutoka kikapuni na mita 6.7 kwenye kona. Mtupo wa mbali ulikuwa na thamani sawa na wa karibu, na ushahidi mzuri kuliko wote ni wa Jerry West, ambaye katika mechi ya tatu ya fainali za mwaka 1970 alitupa kutoka umbali wa takriban mita 18 saa ikiisha, mpira ukaingia, akapewa pointi mbili zilizosawazisha tu; timu yake ya Lakers ikashindwa katika muda wa nyongeza. Kwa kuwa umbali haukulipa, washambuliaji walikusanyika karibu na kikapu, na mlinzi mrefu alikaa palepale alipopenda kukaa. Chamberlain na Russell walizuia mitupo mingi kwa sababu ya miili yao na akili zao, na pia kwa sababu mchezo wenyewe uliwaletea wapinzani mlangoni.

Jokić hamletei mtu chochote mlangoni. Ni senta mwenye mita 2.11 ambaye hupokea mpira mita saba kutoka kikapuni, na zaidi ya theluthi moja ya mitupo yake ya huko huingia, kiasi ambacho mlinzi hawezi kukipuuza. Na akifuatwa huko, wenzake hukimbilia nafasi iliyoachwa wazi na pasi inawafikia. Katika msimu wa 2024–25 alikuwa na wastani wa pointi 29.6, ribaundi 12.7 na asisti 10.2, jambo ambalo senta yeyote kabla yake hakuwahi kulifanya. Chamberlain wa mwaka 1962, akiletwa kesho asubuhi, angekabiliwa na uamuzi ambao hakuna aliyewahi kumtaka aufanye: abaki chini ya kikapu na kumwachia Jokić mtupo wa bila kusumbuliwa, au atoke nje na kuufungua mlango. Katika misimu yake 14 hakutolewa uwanjani kwa kujaza faulo hata mara moja, kwa hiyo hakuwa mtu wa kurukia kila danganyo, na hilo lingemsaidia. Bado ninaamini kwamba katika mechi za kwanza angechelewa hatua moja kila mara, na Jokić huishi ndani ya hatua hiyo moja.

Mpe sasa nafasi ya pili, ile ya kuzaliwa upya, na picha inabadilika kuliko ambavyo ungependa. Chamberlain hakuwa mtu wa kufunga tu. Katika msimu wa 1966–67, baada ya kocha wake kumtaka atupe mara chache, wastani wake ulishuka hadi pointi 24.1, lakini aliingiza asilimia 68.3 ya mitupo na kutoa asisti 7.8, na Philadelphia 76ers wakachukua ubingwa. Msimu uliofuata aliongoza ligi nzima kwa jumla ya asisti, yeye senta. Mtu aliyeweza kujigeuza kiasi hicho akiwa na umri wa miaka 30, mrukaji wa juu aliyeshindana katika riadha akiwa chuoni, angejifunza kutoka nje kumfuata Jokić. Hapo ningempa Chamberlain aliyelelewa leo nafasi sawa, na katika ribaundi na kasi ya kukimbia uwanja mzima ningempa zaidi. Jokić angebaki na pasi, mtupo wa mbali na mitupo ya bure, na mechi za sasa huamuliwa na mambo hayo matatu mara nyingi kuliko yale mawili, kwa hiyo kwa sheria za leo nachagua timu ya Jokić, kwa tofauti ndogo. Kwa sheria za mwaka 1962 namchagua Chamberlain, na sioni haja ya kusita.

Nije kwa Curry, kwa kuwa hapa kaka yako amekosea, na kosa lake linafundisha. Msimu wa 2015–16 Curry alifunga pointi 2,375 katika mechi 79, wastani wa 30.1, na kati ya mitupo yake iliyoingia 402 ilikuwa ya pointi tatu. Ufute mstari, kila mmoja wa mitupo hiyo upungukiwe pointi moja, na wastani wake unashuka hadi 25.0. Ni hasara kubwa, lakini si kupondwa. Sasa angalia jambo ambalo wengi hawalioni: mitupo hiyo ya mbali aliiingiza kwa asilimia 45.4, na ligi nzima ya mwaka 1962, ikijumuishwa mitupo ya chini ya kikapu kabisa, iliingiza asilimia 42.6. Kwa maneno mengine, mtupo wa Curry kutoka zaidi ya mita saba ungekuwa bora kuliko mtupo wa kawaida wa zama zile hata ungelipwa pointi mbili tu. Walinzi wasingeweza kumwachia. Wangelazimika kutoka nje kumkaba mahali ambapo hawakuzoea kumkaba mtu, na nyuma yao kungekuwa na uwazi ambao mchezo ule haukuujua.

Mabavu yangekuwepo, sikatai. Mlinzi wa zama zile aliruhusiwa kumwekea mkono mshambuliaji na kumwelekeza anakotaka, desturi ambayo ligi ilianza kuibana katika msimu wa 1978–79, ikaibana zaidi msimu wa 1994–95 na kuikaza kwelikweli msimu wa 2004–05. Lakini ambacho kingemtesa Curry zaidi ni filimbi. Waamuzi wa mwaka 1962 walimtaka mdundaji aweke kiganja juu ya mpira. Ukiuzungushia mkono kando au chini, hata kidogo, mpira ulikwenda kwa wapinzani. Chenga zake nyingi, zile zinazomwachia nafasi ya kutupa, hupita katika mkono huohuo wa kando. Akipelekwa kama alivyo, wiki za mwanzo zingekuwa za filimbi mfululizo. Akipewa miezi sita ya kujirekebisha, ninamwona akiwa miongoni mwa gadi bora wa ligi ile, yaani wachezaji wa nyuma wanaouongoza mpira, si lazima juu ya Robertson, aliyekuwa mkubwa kwake kwa umbo, na West, ambao wote wawili waliujua mchezo ule tangu utotoni.

Wewe nawe una kosa lako, na ni lile neno «kwa kila kitu». Wachezaji wa sasa wamezaliwa baada ya maarifa ya wale wa kale, wakafundishwa kila walichokigundua, na wana ndege za kukodi, wapishi, na madaktari wanaoweza kurekebisha goti ambalo mwaka 1962 lingefunga safari ya mtu. Kumshinda babu kwa sababu umesimama mabegani pake hakuthibitishi kwamba umemzidi kipaji. Pale ambapo zama zetu zimezidi kwa haki ni katika wingi wa watu wanaotafutwa. Mchezaji mweusi wa kwanza kuingia uwanjani katika mechi ya NBA, Earl Lloyd, alifanya hivyo tarehe 31 Oktoba 1950, na kwa miaka kadhaa baadaye timu ziliendelea kupunguza idadi ya weusi kwa makubaliano yasiyoandikwa. Wachezaji kutoka nje ya Marekani walikuwa nadra mno. Leo zaidi ya 100 wanatoka mataifa mengine, na Jokić mwenyewe, Mserbia aliyechaguliwa wa 41 katika uteuzi wa wachezaji wapya wa mwaka 2014, asingepata hata mtu wa kwenda kumtazama angezaliwa miaka 60 mapema. Ligi ya leo inachuja kutoka bahari kubwa zaidi, na kwa sababu hiyo mchezaji wa kumi wa timu ya leo ni bora kwa mbali kuliko mchezaji wa kumi wa wakati ule. Lakini kwa wale wachache wa juu kabisa tofauti hiyo hufifia, na ninyi mnabishana juu ya hao wachache.

Iwapo hesabu hazimridhishi kaka yako, kuna ushahidi wa aina nyingine ambao mimi huupenda zaidi, nao ni wa wachezaji waliodumu kiasi cha kuunganisha zama. Kareem Abdul-Jabbar aliingia ligi mwaka 1969 na kutoka mwaka 1989. Alikutana na Chamberlain katika mtoano wa mwaka 1971, timu yake ya Milwaukee Bucks ikashinda kwa mechi 4 kwa 1, na tena mwaka 1972, Lakers wa Chamberlain wakalipiza 4 kwa 2, wakati Chamberlain alikuwa na umri wa miaka 35 na Kareem alikuwa anatoka kwenye msimu wa wastani wa pointi 34.8. Kareem huyohuyo, baada ya kutajwa mchezaji bora wa fainali mwaka 1985 akiwa na miaka 38, alishindwa na Olajuwon mwaka 1986. Olajuwon na Houston Rockets walimshinda Shaquille O'Neal na Orlando Magic 4 kwa 0 katika fainali za 1995. O'Neal alicheza timu moja na LeBron James msimu wa 2009–10, na LeBron amepambana na Jokić katika mtoano. Kati ya Chamberlain na Jokić kuna watu wanne tu walioshikana mikono.

Mnyororo huo una udhaifu mmoja, kwamba karibu kila pete yake inaunganisha kijana na mtu anayezeeka. Lakini udhaifu huo unaegemea upande unaojulikana, na unaweza kuupima. Chamberlain wa mwaka 1973, mwenye umri wa miaka 36, aliongoza ligi kwa ribaundi 18.6 na kuingiza asilimia 72.7 ya mitupo yake, katika ligi iliyokuwa na Kareem ndani yake. Michael Jordan aliporejea na Washington Wizards alifunga pointi 51 tarehe 29 Desemba 2001 akiwa na miaka 38, na 43 mwezi Februari 2003 akiwa amefikisha 40, mbele ya walinzi waliozaliwa miaka mingi baada yake. Ikiwa mtu aliyepungua aliweza hivyo katika zama zilizofuata, basi yule aliyekamilika asingekuwa mgeni wa kuonewa huruma. Ndiyo maana kuhusu Jordan na LeBron, mkutano ambao kila mtu huuliza, mimi huona kwamba hakuna pengo la zama la kuliziba hata kidogo: Jordan alicheza mechi yake ya mwisho tarehe 16 Aprili 2003 na LeBron ya kwanza tarehe 29 Oktoba mwaka huohuo. Walipishana kwa miezi sita, na walinzi waliomkaba Jordan mwishoni na LeBron mwanzoni walikuwa kwa sehemu kubwa ni walewale.

Umeniuliza ningempa nani ushindi, nami nimejibu kwa wale mliowataja. Lakini mkutano ambao ningetoa chochote niuone ni mwingine: Russell mbele ya Jokić. Chamberlain na Jokić ni suala la nani atafunga zaidi. Russell aliutumia mchezo kumwondolea mpinzani kile anachokipenda, na anachokipenda Jokić ni kuona pasi kabla ya wengine. Russell alikuwa na kilo karibu 100 na Jokić ana karibu 130, kwa hiyo wakisukumana mgongo kwa kifua chini ya kikapu, Russell angeshindwa mara nyingi. Nje huko, kwenye mita saba, ambako Chamberlain angesita, yeye angefika, kwa sababu alikuwa mwepesi kuliko senta yeyote wa wakati wake, na angefika akiwa tayari amekisia pasi inakwenda kwa nani. Huyu ndiye aliyemaliza mechi ya saba ya fainali za mwaka 1962 na pointi 30 na ribaundi 40, timu yake ikiwashinda Lakers 110 kwa 107 katika muda wa nyongeza. Kwa sheria za leo, na Russell akipewa msimu mmoja wa kuzizoea, katika mfululizo wa mechi saba nampa Jokić mechi nne na Russell tatu. Kwa sheria za mwaka 1962, Russell angemaliza kazi katika mechi ya tano.